Mashahidi Wadogo wa Mto Kizinga

Leo tunaomba tuwachukue kwa mawazo hadi upande wa kusini wa jiji la Dar es Salaam, katika Wilaya ya Temeke, tusimame ukingoni mwa mto ambao wengi wetu huuvuka tukiwa ndani ya daladala bila hata kugeuza shingo. Mto huo ni Kizinga.

Lakini kabla hatujafika huko, tufungue kwanza Kitabu cha nabii Ezekieli, sura ya 47. Nabii anaonyeshwa maji yakitoka chini ya kizingiti cha Hekalu na kuelekea mashariki. Mtu mwenye kamba ya kupimia mkononi anapima dhiraa elfu moja, kisha anampitisha nabii majini, na maji yanamfika kwenye vifundo vya miguu. Anapima tena, maji yanafika magotini. Anapima mara ya tatu, yanafika kiunoni. Mara ya nne mto umekuwa mkubwa, hauvukiki tena ila kwa kuogelea.

Tumeyasoma maneno haya mara nyingi, na mara nyingi tumeyahubiri kama habari ya neema inayoongezeka. Hilo ni kweli. Lakini leo tuangalie mambo mawili ambayo pengine yalitupita. La kwanza ni kwamba mto ule ulipimwa. Malaika hakuona haya kushika kamba na kuhesabu dhiraa. Kwa hiyo asitokee mtu akatuambia kwamba kupima na kuhesabu ni kazi ya watu wasio na imani. La pili ni kwamba nabii, alipotaka kujua kama mto ule una uzima, hakuelekezwa kutazama rangi ya maji. Alielekezwa kutazama viumbe: samaki wengi sana, wavuvi wakitandaza nyavu zao, na miti ya matunda katika kingo zote mbili. Uzima wa mto ulijulikana kwa wale walio hai ndani yake na kando yake.

Sasa twendeni Kizinga.

Mto huu unaanzia katika vilima vya Pugu na Kisarawe, huko uliko msitu wa hifadhi wa Pugu na Kazimzumbwi. Unateremka kuelekea baharini ukipita katikati ya makazi ya watu, unapita chini ya Barabara ya Kilwa kati ya Mtoni na Mbagala, na unamwaga maji yake katika mikoko ya Mtoni, ambako unakutana na ndugu yake, Mto Mzinga, utokao upande wa Kongowe. Kutoka hapo maji yote huingia katika hori la bandari ya Dar es Salaam. Ni mto mfupi, ukiulinganisha na Ruvu au Rufiji. Hata hivyo, wakati mji wetu ulipokuwa mdogo, mto huu ndio ulioulea. Mwaka 1949 ulijengwa mtambo wa maji wa Mtoni, ukachota maji ya Kizinga na kuyasafisha kwa ajili ya wakazi wa mji, miaka kumi kabla ya mtambo wa Ruvu Juu wa mwaka 1959, na muda mrefu kabla ya ule wa Ruvu Chini wa mwaka 1976. Babu na bibi zetu waliokuja mjini kutafuta kazi za bandari na za viwanda walipikiwa uji kwa maji ya Kizinga.

Leo wilaya ya Temeke peke yake, kwa hesabu ya watu ya mwaka 2022, ina watu zaidi ya milioni moja na laki tatu. Watu hawa wanafua, wanapika, wanaoga na wanakwenda haja. Wanatupa taka. Wengi wao hawana bomba la majitaka mbele ya nyumba zao. Basi tujiulize, yote hayo huenda wapi? Maji hayapandi mlima. Kila kilichomwagwa Buza, Tandika au Mbagala, kisipozolewa wala kuzikwa vizuri, hungoja mvua, na mvua ikija hukipeleka bondeni.

Wapenzi wasikilizaji, daktari akitaka kujua kama mtu ana homa humwekea kipimajoto. Je, mto hupimwaje? Njia moja ni kuchota maji katika chupa na kuyapeleka maabara. Njia hiyo ni ya lazima, maana ndiyo inayotuambia kuna vijidudu gani na kemikali gani. Lakini ina upungufu wake. Maji yaliyochotwa leo saa nne asubuhi hutueleza habari za leo saa nne asubuhi. Kama mtu alimwaga sumu jana usiku, maji hayo yamekwisha kwenda baharini na ushahidi umekwenda nayo. Chupa ile ni kama picha: inaonyesha uso wa mtu wakati ule alipopigwa picha, haionyeshi alilalaje.

Kwa sababu hiyo wataalamu, kwa zaidi ya miaka mia moja sasa, wamejifunza kuwauliza mashahidi wengine. Mashahidi hao ni wadudu na viumbe wadogo wanaoishi chini ya mto, juu ya mawe, katika mchanga na kwenye mizizi ya matete. Hawa si wapita njia, ni wakazi. Wengine hukaa majini kwa miezi mingi kabla ya kuota mabawa. Hawana pa kukimbilia sumu inapopita. Kama usiku wa jana mto uliishiwa na hewa, wao waliokuwapo ndio waliokufa, na nafasi zao zilizo tupu hutoa ushahidi hata kama maji ya asubuhi yanang'aa.

Tena mashahidi hawa hawafanani kwa uvumilivu. Yuko mdudu ambaye akishaota mabawa huishi siku moja au mbili tu, lakini utoto wake wote huupitisha majini, akivuta hewa kwa matamvua laini yaliyo ubavuni mwake. Jamaa zake wengi hawawezi kustahimili maji machafu. Yuko mwingine anayejijengea kijumba kwa chembe za mchanga na vipande vya majani, akakiburuta popote aendapo. Wako watoto wa kerengende, wawindaji hodari, ambao wengi wao ni wavumilivu wa kadiri. Kisha wako wale wasiojali kitu: minyoo ya matope, mabuu mekundu yanayobeba hewa katika damu yao, na funza mwenye mkia mrefu kama mrija, ambaye huuchomoza juu ya maji na kuvuta hewa ya nje, hivyo yeye hana haja na hewa ya mto. Unapowakuta hawa wa mwisho peke yao, wala hakuna mwingine, ujue kwamba mto una maji lakini hauna pumzi.

Na sababu yake inaeleweka. Kinyesi na mabaki ya chakula yakiingia mtoni, vijidudu visivyoonekana kwa macho huanza kuyala. Katika kula huko hutumia hewa ya oksijeni iliyomo majini. Uchafu ukiwa kidogo, mto hujisafisha wenyewe, ndivyo Mungu alivyouumba. Uchafu ukiwa mwingi kupita kiasi, walaji huongezeka, hewa inakwisha, na wengine wote wanakosa pumzi. Ongeza hapo uchimbaji wa mchanga unaovunja kingo na kufukia mawe ambayo ndiyo nyumba za viumbe hao. Ongeza ukataji wa miti ya kando, ambayo majani yake yakianguka ndiyo chakula chao, na kivuli chake ndicho kinachopoza maji, na maji yaliyopoa huhifadhi hewa zaidi kuliko yenye joto. Hivyo mto huweza kuugua kwa tumbo, kwa mapafu na kwa ngozi, kwa wakati mmoja.

Wenzetu wa Afrika ya Kusini walitengeneza utaratibu wa kuwapa viumbe hao alama, kuanzia 1 kwa wale wasiojali uchafu hadi 15 kwa wale wasioweza kuuvumilia kabisa. Mpimaji huingia mtoni na wavu, huchambua alichokipata katika sinia, hujumlisha alama, na kisha hutafuta wastani. Na hapa kwetu, mwaka 2015, Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzake Jenny Day na Helen Dallas, walichapisha mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya mito ya Tanzania, unaojulikana kwa kifupi kama TARISS. Tunalitaja jambo hili kwa shukrani. Binti wa nchi hii aliinama juu ya mito yetu, akaorodhesha wadogo wasiohesabiwa na mtu, akawapa sauti. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Wako na wengine walioinama. Mwaka 1999 watafiti Bahemuka na Mubofu walichapisha uchunguzi wao juu ya mboga za majani zinazolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, katika jiji letu hili. Ndani ya mboga hizo walikuta madini mazito, yakiwamo risasi na kadimiamu. Risasi, wapenzi wasikilizaji, haina faida yoyote mwilini mwa mtu, na hudhuru zaidi ubongo wa mtoto anayekua. Mwaka 2008 ulichapishwa uchunguzi mwingine juu ya mikoko ya pwani ya Tanzania, na mikoko ya Msimbazi na ya Mtoni ilionekana kubeba mzigo mkubwa wa uchafu. Mtoni, ndugu zangu, ndipo Kizinga kinapoishia. Mikoko ndiyo kitalu cha samaki na kamba wachanga. Kinachotupwa juu, huonekana chini.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema: haya ni mambo ya wasomi, mahubiri yako wapi? Basi tuwasimulieni yaliyotupata sisi wenyewe, wala hatutajificha.

Miaka kadhaa iliyopita vijana wa jumuiya yetu, hapa Temeke, walimwalika kijana mwenzao aliyesomea viumbe vya majini awafundishe kazi hiyo. Ilikuwa Jumamosi, wakati wa kiangazi. Tulikwenda pamoja nao, wazee kwa vijana, suruali zimekunjwa hadi magotini, na sinia jeupe tuliloazima jikoni kwa kina mama. Tulianzia sehemu ya juu, penye matete na kivuli. Wavu ulipotolewa na kumwagwa katika sinia, watoto walipiga kelele kwa furaha: palikuwa na watoto wawili wa kerengende, konokono kadhaa, kamba mdogo aliyepenya mwanga kama kioo, na wadudu wengine tusiowajua majina. Tukasema, kumbe mto huu ungali hai.

Kisha tukateremka hadi sehemu iliyo chini ya makazi yetu. Wavu ulizamishwa mara tatu. Mara zote tatu sinia lilijaa tope jeusi lenye harufu, na ndani ya tope hilo hapakuwa na kingine chochote isipokuwa mabuu mekundu yakijikunjakunja na wale funza wenye mkia. Kati ya sehemu ile ya kwanza na hii ya pili palikuwa na mwendo wa nusu saa kwa miguu.

Ndipo mtoto mmoja, msichana wa darasa la tano, akanyosha kidole na kuuliza, "Mfereji ule unatoka wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Wazee tulitazamana. Mfereji ule ulitoka nyuma ya uwanja wa nyumba yetu ya ibada.

Wapenzi wasikilizaji, wengi wenu mnajua maana ya neno kutapisha. Choo cha shimo kinapojaa, na gari la kunyonya majitaka ni ghali au haliwezi kufika, watu hungoja mvua kubwa ya masika. Usiku, mvua ikinyesha, hutoboa shimo pembeni na kuacha yaliyomo yaende na maji. Asubuhi kila mtu huamka na uso wa mtu asiyejua kitu. Sisi tulifanya hivyo. Wala hatukufanya kwa siri ya mtu mmoja. Tulikaa kikao cha wazee, tukafungua kwa sala, tukaona fedha hazitoshi, tukaamua kuwalipa vijana wawili waifanye kazi hiyo usiku wa mvua. Tukafunga kikao kwa sala. Katika daftari la mahesabu tuliandika "usafi wa mazingira."

Katika jiji hili hili, mwezi Agosti mwaka 2015, kipindupindu kilianzia Kinondoni na kuenea hadi mikoa mingine mingi, kikaua watu. Wakati huo tuliomba kwa machozi Mungu atuondolee pigo lile. Hatukukumbuka kikao chetu.

Nabii yuleyule Ezekieli, katika sura ya 34, anawakemea kondoo wanono. Kosa lao ni nini? Wamekunywa maji safi wakashiba. Hilo si kosa. Kosa ni kwamba walipokwisha kunywa, waliyavuruga kwa miguu yao maji yaliyosalia, na kondoo wenzao wadhaifu wakalazimika kunywa matope yale. Angalieni vema: kondoo hao hawakuiba maji yale. Waliyakanyaga na kuondoka zao. Pengine hata hawakugeuka kuona nani anakuja nyuma yao. Lakini Bwana aligeuka akaona.

Nani alikuwa nyuma yetu? Kulikuwa na bibi mmoja, mjane, anayelima mchicha na matembele katika bonde lile, chini kidogo ya mfereji wetu. Sisi ndio tulikuwa wateja wake. Kila Jumapili baada ya ibada aliweka beseni lake mlangoni, na mafungu yalikwisha kabla jua halijawa kali. Habari za sinia na habari za risasi katika mboga zilipoenea katika jumuiya, watu waliacha kununua. Jumapili ya kwanza bibi alirudi na nusu ya beseni. Jumapili ya pili alirudi na beseni zima. Tukatuma wazee wawili waende kumweleza kwa upole.

Wakamkuta akipalilia. Wakamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, wanangu, karibuni." Wakamweleza yote, habari za madini na habari za vijidudu, na kwamba jumuiya imeona si salama kununua mboga zake. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wanangu, uchafu huu mimi siuleti. Mimi ninaupokea. Mmekuja kunisusia mimi ninayeupokea. Na anayeuleta mmekwisha kumsusia?"

Wale wazee walirudi, wakatuletea maneno hayo kikaoni. Hatukuweza kuendelea na ajenda.

Hapo tukaona jinsi ilivyo rahisi kuutumia ukweli vibaya. Yale waliyoyagundua wataalamu yalikuwa kweli, na ni haki ya mama yeyote kujua mtoto wake anakula nini. Lakini sisi tuliuchukua ukweli ule tukaugeuza fimbo ya kumpiga yule aliye dhaifu kuliko wote, tukamwacha mwenye kosa, ambaye alikuwa sisi. Elimu ilitufikisha hadi kwenye mfereji, ikatuonyesha. Kuufuata mfereji hadi nyumbani kwetu, na kukiri, hiyo ilikuwa kazi ya toba, na hakuna maabara itakayotufanyia.

Mnataka kujua tulifanya nini? Hatukufanya makubwa. Tulisimama mbele ya jumuiya, wazee wote waliokuwamo katika kikao kile, tukasema wazi yaliyoandikwa katika daftari yalikuwa na maana gani. Watu wengine walinung'unika kwamba tumeiaibisha nyumba ya Mungu. Tukajibu kwamba iliaibishwa usiku ule wa mvua, si asubuhi hii. Tulichanga kwa miezi saba, tukajenga shimo la majitaka lililojengewa vizuri, mahali ambapo gari linaweza kufika kulinyonya, tukafunga mfereji. Ukarabati wa mnara wa kengele ulisubiri, na hadi leo unasubiri. Kipande cha uwanja wetu, kando ya kisima, tulimpa bibi alime mboga kwa maji ya kisima hicho. Ni kidogo, hakifiki hata nusu ya bustani yake ya bondeni. Tulimwambia hivyo kwa unyofu, naye akasema, "Nimeona." Hakusema ahsante, na kwa kweli hatukustahili ahsante, maana mtu akirudishiwa sehemu ya kilichokuwa chake hajapewa zawadi.

Na mto je? Tungependa kuwaambia kwamba umepona. Haujapona. Kila kiangazi watoto wanashuka na lile sinia, ambalo sasa kina mama wametuachia kabisa, na yule msichana ndiye anayeandika katika daftari. Sehemu ya juu wanakuta kerengende. Sehemu ya chini bado wanakuta mabuu mekundu. Mfereji wetu umefungwa, lakini mifereji ni mingi. Mara moja tu walimkuta konokono mmoja, wakamrudisha majini kwa uangalifu kama mtu anayemlaza mtoto.

Hata katika maono ya Ezekieli, wapenzi wasikilizaji, hakukuwa na uponyaji wa mara moja mahali pote. Mto ulikwenda ukiponya, lakini imeandikwa habari za vinamasi na madimbwi ambayo hayakuponywa. Tusikate tamaa kwa sababu hiyo, wala tusijidanganye. Mto huanza kupona pale panapofungwa mfereji wa kwanza, hata kama macho yetu hayatauona ule wa mwisho.

Basi tuondoke leo na mambo matatu.

Kwanza, tuujue mto wetu. Kila mmoja wetu anayesikia sauti hii anaishi katika bonde la mto fulani au kijito fulani. Je, unalijua jina lake? Unajua unaanzia wapi na unaishia wapi? Wapelekeni watoto wakaangalie, wakiwa na mtu mzima, na wanawe mikono kwa sabuni wakirudi. Hatuwezi kukitubia tusichokijua.

Pili, tuziheshimu kingo za mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kandokando ya mito kuwa eneo la kulindwa. Wapo wanaosema sheria hiyo ni ya kuwasumbua maskini. Ni kweli kwamba maskini ndiye anayejikuta akijenga bondeni, kwa sababu hakupata kwingine, naye anahitaji kuhurumiwa na kusaidiwa, si kudhihakiwa. Lakini zile mita 60 ni kivuli cha mto na chujio lake. Majani yake huzuia mchanga na taka zisiingie majini. Aliye na uwezo wa kujenga kwingine asijenge hapo, na aliye na lori asichimbe mchanga hapo. Juni mosi mwaka 2019 nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na tuliozoea kuiona ikining'inia kwenye matete baada ya kila mvua tunajua kwamba jambo likiamuliwa linawezekana.

Tatu, kila mmoja afuate mfereji wake hadi mwisho. Mwenye kiwanda afuate wa kiwanda chake. Mwenye gereji aangalie mafuta machafu anayoyamwaga yanakwenda wapi. Mwenye nyumba ya kupangisha ahesabu wapangaji na ahesabu choo. Na wenye nyumba za ibada, sisi tunaoosha miguu na mikono kabla ya kumkaribia Mungu, tuulize maji hayo tuliyotakasika nayo yanamfikia nani yakitoka kwetu.

Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao. Sisi tulilichuma usiku, tukadhani litakwenda baharini na kupotea. Halikwenda mbali. Lilikwenda hadi kwenye bustani ya bibi, likarudi Jumapili mlangoni petu katika beseni, nasi tukalinunua kwa fedha yetu na kuwapikia watoto wetu.

Ee Mungu, uliyetenga maji na nchi kavu ukaona kuwa ni vema, utusamehe sisi tuliokunywa na kuvuruga. Uwatie nguvu wote wanaoinama mitoni kuhesabu viumbe vyako vidogo, watuambie ukweli bila kuogopa, nasi utupe masikio ya kuusikia. Uwalinde wote wanaoishi mwisho wa mifereji yetu. Na siku utakapotuuliza habari za mto uliotukabidhi, mashahidi wako wadogo walio chini ya mawe wasiwe na neno la kutushitaki.

Jumapili njema, wapenzi wasikilizaji. Amina.